Sumu ya risasi kwa watoto wa Lubumbashi: maswali ya wazazi na wauguzi kuhusu kipimo cha damu

Risasi tunayoisema hapa ni ipi?

Ni ile metali nzito ya kijivu ambayo kwa Kifaransa huitwa plomb. Ni laini na inayeyuka kwa moto wa makala tu, ndiyo maana mafundi wanaipenda. Imo ndani ya betri za gari na za sola, ndani ya rangi fulani za mafuta, ndani ya waya wa kusuda (wa kuunganishia vipande vya redio), na imo pia ndani ya mawe yanayochimbwa kwetu. Mwili wa mtu unahitaji chuma, zinki, hata shaba kidogo. Risasi hauihitaji kwa kiasi chochote.

Lubumbashi ni mji wa shaba. Risasi imetoka wapi?

Madini hayakai peke yake ardhini. Jiwe la shaba la Katanga linaweza kuja na kobalti, zinki, kadimiamu, aseniki na risasi, mahali pengine kwa wingi, mahali pengine kidogo. Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, ni mfano wa wazi: jiwe la mgodi ule lina zinki, shaba na risasi kwa pamoja.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kiliwasha moto mwaka 1911. Kwa miongo mingi bomba lake refu lilitoa moshi, na upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini-mashariki uliusukuma upande wa kaskazini-magharibi mwa mji. Watafiti wanauita ukanda huo koni ya uchafuzi, na kartie ya Penga Penga imo ndani yake. Udongo wa huko umepimwa mara nyingi na kukutwa na shaba, zinki, kadimiamu na risasi. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven, Ubelgiji, vilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na metali nyingi kwenye mkojo: kobalti kupita zote, na risasi pia.

Moshi ukipungua, udongo unabaki. Risasi haiozi. Inakaa kwenye sentimita za juu za ardhi kwa miaka na miaka, pale pale mtoto anapochezea.

Lakini tusiliangalie bomba la kiwanda peke yake. Watu wamezoea kuonyesha kidole kule kwa sababu linaonekana kutoka mbali, wakati jirani anapasua betri nyuma ya nyumba na hakuna anayesema neno. Umeme unakatika, kila nyumba yenye uwezo kidogo inatafuta betri ya sola, na betri ikifa lazima iishie mahali. Mimi ningeanza kuangalia hapo.

Inamwingiaje mtoto?

Kwa mdomo zaidi ya njia nyingine yoyote. Vumbi laini linatua sakafuni, kwenye mkeka, juu ya vitu vya kuchezea, na mtoto wa mwaka mmoja anatambaa humo humo kisha anatia vidole mdomoni. Hakuna malezi yatakayomzuia, ndivyo watoto wa umri huo wanavyoijua dunia. Kile anachokimeza, utumbo wake unanyonya mara 4 hadi 5 kuliko utumbo wa mtu mzima. Akiwa na njaa, au akiwa na upungufu wa chuma au wa kalsiamu, ananyonya zaidi, kwa sababu mwili unaotafuta kalsiamu unaipokea risasi kwa makosa.

Kuvuta hewa ni njia ya pili, hasa karibu na mahali wanapoyeyusha. Kugusa kwa ngozi peke yake si hatari kubwa. Hatari ni mkono ule ule ukishika bukari (ugali) kabla ya kunawa.

Mtoto wangu anacheza, anakula, hana homa. Nimpime ya nini?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu lake ndilo sababu ya kuwa na upimaji wa umma badala ya kungoja wagonjwa waje wenyewe.

Watoto wengi wenye risasi mwilini hawaonyeshi kitu. Hakuna upele, hakuna homa. Kinachopungua ni uwezo wa kutulia, kukumbuka, kushika somo, na hilo mzazi analiona miaka mitano baadaye, shuleni, na halimkumbushi tena betri wala vumbi. Wachunguzi waliounganisha takwimu za watoto wa nchi mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2005 waliona kwamba alama za akili zinashuka haraka zaidi kwenye viwango vya chini: kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita ya damu, mtoto anapoteza karibu alama 4. Baada ya hapo anaendelea kupoteza, ila polepole. Kwa hiyo kusema "ni kidogo tu" hakumsaidii mtu.

Kiwango kikipanda sana, dalili zinakuja: maumivu ya tumbo, kufunga choo, kutapika, kukosa hamu ya kula, upungufu wa damu, kuchoka, hasira zisizo na sababu. Kikipita mikrogramu 70 au 100, mtoto anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kufa. Sasa angalia orodha hiyo tena. Hapa kwetu mtoto mwenye damu pungufu na degedege anatibiwa malaria, na mwenye maumivu ya tumbo anapewa dawa ya minyoo. Muuguzi hakosei kuanza huko, malaria ndiyo inayoua wengi. Shida ni kipimo cha malaria kikitoka hasi na hakuna anayeuliza swali la pili.

Kuna lingine ambalo nisiposema nitakuwa nimewaficha. Mtoto mgumu wa kufundishika, asiyetulia, anayeanguka degedege, katika mji huu anaweza kuambiwa ana bulozi (uchawi) na kupelekwa kwenye chumba cha maombi akafungishwa chakula. Ikiwa tatizo lake ni risasi, kumnyima chakula kunaifanya inyonywe zaidi. Aombewe, hakuna anayekataza, lakini ale, na damu yake ipimwe.

Nani apimwe kwanza?

Watoto wa miezi 12 hadi 36, kwa sababu kiwango cha risasi kwa kawaida hupanda kufikia kilele karibu na mwaka wa pili wa umri. Kisha wale wa chini ya miaka 6 ambao wanaishi karibu na kiwanda, terril (lundo la mabaki ya madini), mgodi au karakana ya betri, wanaoishi na mtu anayefanya kazi hizo, wanaokula udongo, wenye upungufu wa damu usiopona kwa chuma na dawa ya malaria. Kaka au dada wa mtoto aliyekutwa na kiwango cha juu apimwe bila kungoja. Mama mjamzito wa nyumba hiyo pia.

Marekani, watoto walio kwenye bima ya afya ya serikali kwa familia maskini wanatakiwa kupimwa wakiwa na miezi 12 na tena miezi 24. Kwetu umri huo unaangukia ndani ya CPS (kliniki ya watoto wadogo), siku mtoto anapoletwa kwenye mizani. Tatizo ni kwamba mama wengi wanaacha kuja baada ya chanjo ya surua, mtoto akiwa na miezi 9. Mpango wowote wa kupima risasi usioanza na kuwarudisha akina mama hao kwenye mizani utawakosa watoto wenyewe unaowatafuta.

Kipimo kinafanywaje?

Ni damu. Nywele hazitoi jibu la kuaminika, kwa sababu vumbi la nje linashika kwenye unywele wenyewe, na mkojo haufai kwa kumpima mtoto mmoja mmoja.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni tone la damu la kidoleni, na ipo mashine ndogo inayolisoma kwa dakika chache. Ni njia nzuri kwa watoto wengi, ila ina mtego: kidole chenye vumbi la risasi kinaongeza namba. Kifute kwa alkoli pekee, vumbi linabaki. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa kitu safi, na baada ya hapo mtoto asiguse hata nguo yake mpaka achomwe. Akigusa, aoshwe upya. Tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo lichukuliwe.

Njia ya pili ni damu ya mshipa, kwenye chupa maalumu isiyo na metali, inayosomwa maabara. Jibu la kidole likitoka juu, ni lazima lithibitishwe kwa damu ya mshipa kabla ya kumwambia mama kwamba mtoto wake ana sumu. Kadiri namba ilivyo juu, ndivyo uthibitisho unavyoharakishwa: kwa mwongozo wa Marekani, mikrogramu 3.5 hadi 9 kwa desilita ndani ya miezi 3, 10 hadi 19 ndani ya mwezi 1, 20 hadi 44 ndani ya majuma 2, na 45 au zaidi ndani ya saa 48.

Karatasi ya labo imeandikwa "plombémie: 62". Mtoto wangu anakufa?

Subiri. Plombémie ni kiasi cha risasi kwenye damu. Soma herufi zinazofuata namba. Maabara zinazofuata desturi ya Ufaransa na Ubelgiji huandika mikrogramu kwa lita. Vitabu vya Marekani na miongozo mingi ya Shirika la Afya Duniani, WHO, huandika mikrogramu kwa desilita. Tofauti ni mara 10. Kwa hiyo 62 µg/L ni 6.2 µg/dL: si jambo la kupuuza, lakini si la kumkimbiza mtoto hospitali usiku. Kinyume chake, 62 µg/dL ni hatari kubwa inayohitaji hospitali siku hiyo hiyo. Nimeona karatasi ambayo mtu alinakili namba tu bila kipimo chake, na namba ya namna hiyo haina kazi. Muuguzi, ukiandika kwenye fishi (kadi ya mtoto), andika vyote viwili.

Ni namba gani inayoonyesha hatari?

Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Namba zinazotajwa ni mipaka ya kuchukua hatua, na zimekuwa zikishuka kadiri sayansi inavyoona mbali zaidi. Marekani ilitumia 10 µg/dL tangu 1991, ikashuka hadi 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema kuanzia 5 µg/dL chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ufaransa inatumia mpaka huo huo, ila inauandika 50 kwa lita, na daktari anatakiwa kuutangaza kwa mamlaka ya afya kama anavyotangaza ugonjwa wa mlipuko.

Kituo chetu hakina mashine wala chupa maalumu. Tukae tu?

Hapana. Anzeni kwa maswali, hayana gharama. Wakati mama anangoja mizani, reko (mhudumu wa afya wa mtaani) amuulize: mnaishi wapi, karibu na nini? Kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya madini, betri, kusuda, rangi, au kununua na kuuza chuma chakavu? Anarudi na nguo za kazi nyumbani? Mawe yanavunjwa au kuoshwa uani? Mtoto anakula udongo? Wewe unakula pemba (udongo mweupe)? Mnapikia nyungu (sufuria) iliyoyeyushwa na fundi wa mtaani? Kuna mtoto mwingine aliyewahi kupata degedege bila homa?

Majibu yaandikwe pamoja na jina la kartie na avenue. Baada ya miezi mitatu, IT (muuguzi mkuu) wa kituo akikaa na daftari lile ataona avenue ambazo "ndiyo" zimerundikana. Hizo ndizo za kupelekewa mashine siku ikipatikana kwa kuazima, au ndizo za kuandikia ofisi ya zone ya afya. Ombi lenye ramani ya avenue sita linasikilizwa kuliko malalamiko ya jumla. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwenye Shule yake ya Afya ya Umma, kina kitengo cha sumu na mazingira ambacho kimekuwa kikipima metali kwa wakazi wa mkoa huu kwa miaka mingi. Ni mlango wa kubisha.

Tahadhari moja: maswali hayachukui nafasi ya damu. Nchi zilizolinganisha maswali na vipimo zimekuta kwamba kuna watoto wanaojibiwa "hapana" kila swali na bado wana risasi. Maswali yanakuonyesha pa kuanzia tu.

Jibu limethibitishwa, liko juu. Kinafuata nini?

Kinafuata chanzo. Hapa ndipo mipango mingi inapokufa: mtoto anapimwa, namba inaandikwa, mama anapewa ushauri wa kunawa mikono, na mtoto anarudi kulala kwenye vumbi lile lile. Mtu aende nyumbani. Aangalie uani, mahali mtoto anapolala, mahali nguo za baba zinapotundikwa, nyungu, rangi ya mlango inayobanduka, kisima, bustani. Kuna kifaa cha kushika mkononi kinachosoma metali kwenye udongo au rangi papo hapo. Kama hakipo, macho na maswali yanafika mbali.

Mtoto apimwe upungufu wa damu na apewe chuma kama anakosa, na kalsiamu vilevile. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, maharagwe, majani, maziwa kama yanapatikana. Chakula kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo tupu linanyonya zaidi. Kisha damu irudiwe. Risasi ya kwenye damu inapungua nusu kwa karibu mwezi mmoja kama chanzo kimekatwa, lakini ile iliyoingia mifupani inakaa miaka mingi na kurudi damuni polepole, hivyo usitegemee namba ishuke kama homa.

Maziwa au mawese yanatoa sumu hii?

Hayatoi. Wafanyakazi wengi wa viwanda wanaamini glasi ya maziwa baada ya kazi inaosha mwili. Kalsiamu ya kwenye maziwa inasaidia kuzuia risasi mpya isinyonywe sana, lakini iliyokwisha kuingia haiiondoi. Mawese hayafanyi hata hilo. Kumlazimisha mtoto mwenye degedege kunywa mawese ni kumtafutia njia ya kuvuta mafuta mapafuni.

Hakuna dawa basi?

Ipo, kwa wachache. Kuna dawa zinazoikamata risasi damuni na kuitoa kwa mkojo. Ya kunywa inaitwa succimer, au DMSA. Nyingine ni za sindano. WHO inaziweka kuanzia µg/dL 45 kwa watoto. Chini ya hapo hazijaonyesha faida kwa akili ya mtoto, na zina madhara yake. Zinatolewa hospitalini, na mtoto asirudishwe kwenye vumbi katikati ya matibabu.

Wauguzi, jambo moja la kufa na kupona: kuna EDTA mbili. Ile yenye kalsiamu ndani yake ni dawa ya risasi. Ile ya sodiamu pekee inavuta kalsiamu kutoka damuni na kusimamisha moyo. Marekani, nchi yenye maabara kila kona, ilipoteza watoto kati ya 2003 na 2005 kwa kuchanganya hizo mbili. Soma jina lote kwenye chupa. Na anayekuuzia "dawa ya kusafisha metali mwilini" sokoni au kwenye WhatsApp, muache na chupa yake.

Ninakula pemba tangu mimba ya kwanza. Kuna ubaya?

Upo. Udongo mweupe unaouzwa kwa wajawazito umepimwa katika nchi kadhaa na kukutwa na risasi, wakati mwingine na aseniki. Kiasi kinategemea umechimbwa wapi, na muuzaji wa sokoni hajui, wala kuukausha au kuuoka hakuondoi metali. Hamu ya pemba mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, kwa hiyo usiione aibu kuisema kwenye CPN (kliniki ya wajawazito): pima damu, kunywa vidonge vya chuma ulivyopewa, na hamu kwa wengi inapungua. Muuguzi akikugombeza, utaila kwa siri tu, na hapo tumepoteza wawili.

Risasi inavuka kondo na kumfikia mtoto tumboni. Tena mwanamke aliyekula vumbi la metali utotoni anaweza kuwa na risasi mifupani inayofunguka wakati wa mimba, mwili unapochota kalsiamu ya kumjenga mtoto. WHO inashauri nyongeza ya kalsiamu kwa mjamzito mwenye kiwango cha 5 µg/dL au zaidi ambaye chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha.

Ninyonyeshe?

Nyonyesha. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, na kwa karibu akina mama wote faida inashinda. Marekani inashauri kusimama kwa muda pale tu mama mwenyewe anapofika µg/dL 40, na hilo linaamuliwa na daktari.

Baba wa nyumba anatengeneza betri. Aache kazi?

Nani atalisha nyumba? Kazi itoke nyumbani, hilo ndilo la kwanza. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi, na kuipasua kwa shoka uani, kumwaga asidi kwenye mfereji na kuyeyusha bamba kwenye sufuria ni kupanda sumu mahali watoto watakapoila kwa miaka ishirini. Kuchaji betri nzima si sawa na kuipasua; wa kuchaji tu hatari yake ni ndogo zaidi.

Nguo za kazi zibaki kazini, au zivuliwe mlangoni, zitiwe kwenye mfuko wake na zifuliwe peke yake. Viatu visiingie ndani. Aoge na kuosha nywele kabla ya kumbeba mtoto. Najua anavyokimbilia mlangoni akisikia sauti ya baba, na ndiyo maana ninasisitiza. Wachimbaji wanaorudi na vumbi la mawe wafuate hayo hayo. Na mawe yasivunjwe wala kuoshwa uani.

Na nyungu za aliminiamu za mafundi?

Zile zinazoyeyushwa kwa chuma chakavu, ambamo vipande vya injini vinachanganyika na chochote, zinaweza kuwa na risasi inayotoka taratibu ndani ya chakula, hasa chakula chenye uchachu kama nyanya. Wachunguzi waliozipima za Kameruni waliikuta. Usipikie humo chakula kichachu, usikilaze humo usiku kucha, na kama una nyungu ya chuma cha pua, iwe ndiyo ya mtoto.

Mboga za bustani?

Lengalenga na matembele ya kwenye udongo mchafu yanabeba vumbi juu ya majani, na mengine yanavuta kadimiamu na risasi kupitia mizizi. Osha kwa maji mara kadhaa, majani ya chini yaliyogusa ardhi yatupe. Hata hivyo usimnyime mtoto majani. Mtoto asiye na chuma mwilini ndiye anayenyonya risasi zaidi. Kama unaweza, panda kwenye vitanda vya udongo ulioletwa kutoka mbali na koni ya uchafuzi.

Kufagia kila siku kunatosha?

Kufagia kavu kunalirusha vumbi hewani na kulirudisha juu ya chakula. Mwagia maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa kilicholowa, hasa kiangazi. Funika chakula. Panda majani ya kufunika ardhi mahali mtoto anapochezea, au mwaga mchanga safi.

Mtoto anatafuna penseli. Ana sumu?

Ndani ya penseli ni grafiti, haina risasi. Mwache.

Inaambukiza?

Haiambukizi. Watoto watatu wa nyumba moja wakikutwa nayo, ni kwa sababu wanakula vumbi moja.

Mambo haya yamewahi kutokea karibu nasi?

Dereva yeyote wa lori anayetoka Kasumbalesa kwenda Lusaka anapita Kabwe. Pale palikuwa na mgodi na kiwanda cha risasi na zinki kilichofanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1994. Kiwanda kimefungwa kwa zaidi ya miaka 30, na watoto wa Kasanda, Chowa na Makululu waliozaliwa baadaye bado wanakutwa na viwango vya kutisha, kutokana na udongo peke yake. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa katikati ya watu; mfanyakazi wake wa zamani, Phyllis Omido, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe kukutwa na risasi, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa ajili ya betri.

Lililo na funzo kubwa kwa wauguzi ni la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walisaga mawe majumbani, mawe yakiwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa, na mwanzoni vifo vilidhaniwa kuwa vya malaria. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika na dawa, walishikilia kwamba vijiji visafishwe kwanza, udongo wa juu utolewe, ndipo watoto watibiwe, kwa sababu mtoto anayerudi kwenye ua mchafu anaanza upya.

Kwa nini mnaandika jina, kartie na avenue? Majibu yanakwenda wapi?

Swali la haki, tena linaulizwa zaidi na akina baba wenye karakana. Jina linabaki kituoni. Kinachopanda kwenda zone ya afya ni umri, avenue, tarehe, namba na kipimo chake, damu ya kidole au ya mshipa, na chanzo kilichoonekana. Bila avenue, watoto ishirini wenye risasi ni misiba ishirini ya faragha. Majibu yakiwa na avenue, yanakuwa ramani, na ramani inaweza kuwekwa mezani kwa meya, kwa mkaguzi wa mazingira au kwa kampuni. Jibu la chini nalo liandikwe; kituo kinachotuma majibu ya juu pekee kinafanya mji mzima uonekane mgonjwa, kisha hakuna anayekiamini.

Kila juma vituo vyetu vinahesabu na kutuma visa vya surua na kipindupindu, kwa hiyo kazi hii mikono inaijua. Kinachokosekana ni mstari mmoja zaidi kwenye fomu, na mtu anayeusoma. Karatasi hizo zisitumiwe kumfukuza mpangaji wala kumkamata fundi. Mara ya kwanza likitokea hilo, mama hatarudi na mtoto, na majirani zake pia hawatarudi.

Jibu la mtoto wangu liko chini. Nimemaliza?

Kama alipimwa akiwa na miezi 12, mrudishe akiwa na miezi 24, kwa sababu kati ya hapo ameanza kutembea na ua wote sasa ni wake. Mkihama nyumba, baba akibadilisha kazi, au jirani akifungua karakana, mrudishe mapema. Fishi yake ya CPS uje nayo, hata kama imechanika.